Kung'arisha Meno Arusha na Moshi: Anza kwa Kujua Rangi Imetoka Wapi

Watu wengi waliokulia kwenye miteremko ya Mlima Meru wana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele, na wengi wao wamesemwa tangu shule ya msingi kwamba hawapigi mswaki. Wanaonewa. Madoa hayo chanzo chake ni floridi, madini yaliyozidi kwenye maji waliyokunywa utotoni, na mswaki hauwezi kuyatoa hata ukisugua mpaka fizi zitoe damu. Ndiyo maana mwongozo wa kung'arisha meno kwa mtu wa huku hauwezi kuanza na dawa. Unaanza na kioo.

Tambua rangi yako kwanza

Simama dirishani mchana, si chini ya taa ya bafuni. Inua mdomo wa juu, kausha meno ya mbele kwa tishu, subiri nusu dakika, kisha angalia. Jino likikauka, madoa meupe hujitokeza waziwazi kuliko likiwa na mate.

Rangi ya nje, yaani ya chai, kahawa, sigara, ugoro au mirungi, hupenda kujificha: pembezoni mwa fizi, kati ya jino na jino, na nyuma ya meno ya chini ya mbele. Haifuati mpangilio. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ikitumika wiki kadhaa mfululizo huacha rangi ya aina hii, na vivyo hivyo dawa ya maji ya kuongeza damu kwa watoto. Hii haihitaji kung'arishwa. Inahitaji kusafishwa na daktari kwa nusu saa hivi, na watu wengi wakishasafishwa huridhika wakaishia hapo.

Madoa ya floridi yana ulinganifu. Doa lililo kwenye jino la kulia lina mwenzake kwenye jino kama hilo la kushoto. Yakiwa mepesi ni mistari myembamba meupe iliyolala. Yakizidi ni mabaka meupe kama chaki. Yakizidi tena yanakuwa ya kahawia. Na hali ikiwa kali jino lina vishimo ambavyo ukipitisha ukucha unavihisi. Pitisha ukucha kweli, maana jibu la swali hilo moja ndilo litakalokuambia utumie njia gani huko mbele.

Njano ya sare, meno yote, isiyo na mabaka, mara nyingi ni umri. Tabaka la nje la jino hupungua unene kadiri miaka inavyokwenda na njano ya ndani ikaonekana. Hii ndiyo inayokubali dawa kwa urahisi kuliko zote.

Jino moja tu lililogeuka kijivu au jeusi ni jambo jingine kabisa. Huenda uligonga jino ukicheza mpira, mshipa ukafa. Hilo linahitaji eksirei, tiba ya mzizi, na pengine kung'arishwa kwa ndani: daktari anaweka dawa ndani ya jino, analiziba kwa muda, unarudi baada ya siku chache anabadilisha. Trei ya nyumbani, yaani kifuniko cha plastiki cha kushikilia dawa kwenye meno, haitatibu tatizo lililo ndani. Na mikanda ya kijivu inayozunguka meno kadhaa huwa imetokana na tetrasaikilini (dawa ya kuua bakteria) aliyopewa mama akiwa mjamzito au mtoto aliye chini ya miaka 8. Inakubali dawa, lakini kwa miezi, si wiki.

Kwa nini kahawia ya floridi haitoki kwa kusugua

Taji za meno ya mbele ya kudumu hujengwa ndani ya taya mtoto akiwa bado mdogo sana. Miaka mitatu ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa kwa meno hayo, na meno mengine yanaendelea kujengwa mpaka karibu miaka 8. Floridi ikizidi wakati huo, tabaka la nje halikomai vizuri: juu kunabaki ganda gumu, chini yake kunakuwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Jino huota likiwa na weupe wa chaki. Kahawia huja baadaye, pale vitundu vinaponyonya rangi za vyakula na vinywaji.

Ukilielewa hilo, mambo mawili yanakaa sawa. Kwanza, kusugua hakufai kwa sababu rangi iko chini ya ganda gumu. Pili, kwa kuwa rangi iliingia baadaye, inaweza kutolewa, ama kwa dawa inayopenya ama kwa kuondoa ganda jembamba la juu. Na mtu aliyehamia Arusha akiwa na miaka 25 hapati madoa haya, kwa sababu meno yake yalikwisha kujengwa.

Kabla ya dawa yoyote

Nenda kwa daktari wa kinywa na meno. Moshi kuna hospitali za KCMC na Mawenzi, Arusha kuna hospitali ya Mount Meru, na kliniki binafsi zipo katika miji yote miwili. Hata kama unapanga kufanyia nyumbani, mambo haya yamalizwe kwanza: ugaga uondolewe, matundu yazibwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe. Dawa ikiingia kwenye tundu lililo wazi maumivu yake hayasahauliki.

Mwonyeshe pia meno yaliyozibwa na krauni (kofia za meno) ulizonazo. Dawa haibadilishi rangi ya vitu hivyo. Ukiwa na jino la mbele lililozibwa kwa rangi ya njano ya zamani, meno mengine yakiwa meupe hilo litabaki lilivyo, na itabidi kuzibwa upya. Lakini lisizibwe siku dawa inapoisha. Oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia gundi kushika, kwa hiyo subiri wiki mbili. Hapa watu wengi hukosea kwa haraka ya harusi au send-off, na kiraka kinabanduka mapema. Kama una tarehe, anza wiki sita kabla.

Mjamzito na anayenyonyesha asubiri. Aliye chini ya miaka 18 naye asubiri. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza sheria yenyewe inazuia.

Omba daktari alinganishe jino lako na kipimo cha rangi, na upige picha ya simu ukiwa umekishikilia kando ya jino, kwenye mwanga wa mchana. Bila picha hiyo, wiki ya pili utaanza kujiambia hakuna kilichobadilika.

Trei ya nyumbani iliyotengenezwa na daktari

Kwa watu wengi hii ndiyo njia tunayoipendekeza. Ni ya taratibu, lakini matokeo yake yanadumu na meno yanaumia kidogo. Daktari anachukua umbo la meno yako, anatengeneza trei laini ya plastiki isiyo nene inayoishia ukingoni mwa fizi bila kuzikalia. Trei za saizi moja kwa wote, zile za kuchemsha na kung'ata, huvujisha dawa, na dawa inayovuja inachoma fizi.

Dawa yenyewe ni jeli ya kabamaidi peroksaidi. Asilimia 10 ndiyo yenye rekodi ndefu ya usalama. Ndani yake inatoa haidrojeni peroksaidi kama asilimia 3.5 tu. Asilimia 16 inaenda haraka kidogo na inatia meno ganzi, yaani mshtuko, zaidi. Mwenye meno yanayoshtuka kwa maji baridi achague 10 bila kubishana.

1. Piga mswaki na pitisha uzi kati ya meno. Sukutua.

2. Kamulia jeli ndani ya trei, upande wa mbele, tone la ukubwa wa punje ya mchele kwa kila jino unalotaka kung'arisha. Kwa kawaida ni meno 8 hadi 10 ya juu. Kujaza trei ni kupoteza hela na kuunguza fizi.

3. Vaa trei, bonyeza taratibu. Jeli ikitoka pembeni ifute mara moja kwa kidole safi au mswaki mkavu.

4. Asilimia 10: vaa usiku, kwa muda wa saa 6 hadi 8. Asilimia 16: kwa muda wa saa 2 hadi 4, mchana au jioni. Usile, usinywe kitu chochote isipokuwa maji.

5. Vua, sukutua, piga mswaki taratibu. Osha trei kwa maji ya baridi. Maji ya moto yanaipinda na haitakaa tena.

6. Rudia kila siku kwa wiki mbili. Wenye kahawia ya floridi hufika wiki nne, wakati mwingine zaidi, wakiwa chini ya uangalizi.

Anza na meno ya juu peke yake. Ya chini yatakuwa kipimo chako: ukitabasamu kwenye kioo utaona tofauti mwenyewe, hutahitaji kumuuliza mtu. Ukimaliza ya juu, ndipo uhamie ya chini.

Jeli inaharibika kwa joto. Iweke kwenye friji, sehemu ya kawaida, si kwenye barafu. Ukiichukua kliniki usiiache ndani ya gari lililopaki juani huku ukizunguka sokoni, na usinunue bomba ambalo halina tarehe ya mwisho wa matumizi wala asilimia iliyoandikwa.

Ganzi ya meno itakuja, na ni kawaida. Kuna mshtuko mfupi, mkali, unaopita kama umeme kwenye jino moja au mawili. Mwezi wa Juni na Julai unauhisi zaidi, hasa ukipanda bodaboda asubuhi mdomo wazi, kwa hiyo jifunge skafu. Ruka usiku mmoja au mawili, usiache kabisa. Tumia dawa ya mswaki ya kupunguza ganzi yenye potasiamu naitreti kuanzia wiki mbili kabla ya kuanza, na siku mshtuko ukizidi ipake ndani ya trei badala ya jeli, uivae dakika 10 hadi 30. Baada ya kumaliza matibabu yote, ganzi kwa kawaida huisha ndani ya siku chache. Isipoisha, au jino moja likauma lenyewe usiku, rudi kwa daktari. Hapo kuna tundu au ufa uliopitwa.

Kitu kingine kitakachokushtua: siku za mwanzo madoa meupe ya floridi yanaweza kuonekana zaidi ya mwanzo, na jino likawa na mabaka. Wengi huacha hapo. Usiache. Jino zima likiendelea kuwa jeupe, tofauti kati ya doa na sehemu iliyobaki inapungua, na rangi hutulia wiki mbili baada ya kumaliza. Usihukumu kabla ya hapo.

Kung'arishwa kliniki kwa siku moja

Hapa dawa ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 25 hadi 40. Ni kali, ikigusa ngozi inaifanya nyeupe na kuichoma. Kwa hiyo usiangalie mapambo ya kliniki, angalia kama haya yanafanyika: unavishwa miwani, mdomo unapanuliwa kwa kishikizo, fizi zinafunikwa kwa utomvu unaogandishwa kwa taa ndogo, dawa inapakwa dakika 15 hadi 20, inafyonzwa, inapakwa tena, mara mbili au tatu. Fizi ikianza kuchoma sema saa hiyo hiyo. Kuvumilia hapa si ushujaa, ni kupata kidonda.

Ile taa kubwa ya bluu inayoelekezwa mdomoni haiongezi kitu cha maana. Kazi inafanywa na dawa. Usilipe zaidi kwa sababu ya taa, na umeme ukikatika katikati ya zoezi usidhani umepunjwa.

Ukitoka, meno ni meupe kupita kiasi kwa sababu yamekauka. Ndani ya wiki moja au mbili yatarudi nyuma kidogo, na hiyo ndiyo rangi yako ya kweli. Siku mbili za kwanza epuka vya tindikali na vyenye rangi kali: limau, soda, siki, bizari ya manjano, divai nyekundu. Mara nyingi siku moja haitoshi, na daktari mwaminifu atakwambia hivyo kabla hujalipa. Wengine huchanganya: kliniki mara moja kuanzisha, trei ya nyumbani kumalizia.

Uliza bei kwa vipande: kusafisha kumo ndani? Trei ni bei gani, na kila bomba la ziada la jeli? Fidia ya bima usiitegemee, maana kazi hii huhesabiwa ni urembo. Na kama anayekuhudumia si daktari wa meno, iwe ni saluni au ni mtu anayekuja na mkoba nyumbani, usifungue mdomo. Wala usikubali kupakwa peroksaidi ya kupaka rangi nywele. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, ina tindikali, haikukusudiwa mdomo.

Madoa ya kahawia ya floridi: mpangilio unaofaa

Hapa ndipo ukucha wako unapohusika. Kama jino ni laini, bila vishimo, daktari ana njia tatu ambazo mara nyingi hufuatana.

Ya kwanza ni kukwangua kwa kemikali. Meno hutengwa na fizi kwa karatasi ya mpira, kisha ute wa tindikali ya haidrokloriki asilimia 6.6 uliochanganywa na chembe ngumu husuguliwa juu ya doa kwa kikombe cha mpira, kwa mwendo wa polepole, dakika moja, unaoshwa, daktari anaangalia, anarudia. Kinachoondoka ni sehemu ndogo sana ya milimita. Kahawia iliyo karibu na juu hutoka mbele ya macho yako, mara nyingine kikao kimoja. Ikirudiwa mara kadhaa bila mabadiliko, doa liko ndani zaidi na daktari mzuri anasimama hapo. Akiendelea, anakula jino. Mwisho anapaka floridi kulikaza. Ndiyo, floridi ile ile. Kwa jino lililokwisha kuota inapakwa juu tu, na inaimarisha.

Ya pili ni trei kama tulivyoeleza, baada ya wiki mbili hivi. Kukwangua kwanza, kung'arisha baadaye: ganda likipungua, dawa inapenya vizuri.

Ya tatu ni kwa mabaka meupe yaliyobaki. Daktari hufungua uso wa jino kwa tindikali dakika mbili, analikausha kwa alkoholi, kisha anaacha utomvu mwepesi uzame ndani ya vitundu dakika tatu na kuugandisha kwa taa. Vitundu vikijaa, mwanga unapita kama kwenye jino zima na baka linafifia. Si kila kliniki ina vifaa vyake. Piga simu uulize kabla ya kupanda basi.

Jino likiwa na vishimo, dawa peke yake haitakupa unachotaka. Vishimo hujazwa kompoziti (kijazio chenye rangi ya jino), au uso wote hufunikwa kwa kompoziti au venia (ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino). Gundi hushika kwa shida zaidi kwenye jino lenye floridi nyingi, hivyo muulize daktari kama atausugua uso kwanza. Na ukiambiwa moja kwa moja uchonge meno manane uvishwe krauni, tafuta maoni ya daktari wa pili. Jino lililochongwa halirudi.

Vitu vya dukani na vya jikoni

Dawa za meno za kung'arisha huondoa rangi ya nje tu; nyingine zina rangi ya bluu inayoficha njano kwa saa chache. Hazina madhara makubwa ukitumia mswaki laini. Karatasi za kubandika zenye peroksaidi hufanya kazi kwenye njano ya umri, kama nusu saa kwa siku kwa wiki mbili, lakini hazifiki kwenye mapindo ya meno yaliyopandana, na za bandia ni rahisi kuuziwa.

Mkaa wa unga unasugua bila kung'arisha, na chembe zake huingia kwenye ufa na kando ya viraka. Limau ndilo baya kuliko yote: jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni kali zaidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na limau liko karibu na 2. Linaonekana kung'arisha kwa sababu linayeyusha uso. Baadaye jino huwa la njano zaidi, maana ganda limepungua. Usidhani baking soda na magadi ni kitu kimoja; baking soda peke yake, mara moja moja, haikwaruzi sana, lakini magadi ni makali na yanachoma. Majivu, mchanga, msasa na wembe havina mjadala. Na usijaribu kuiga kile daktari anachofanya kwa tindikali. Kilichokulinda kule ni ile karatasi ya mpira na mkono unaojua kusimama.

Kudumisha

Weupe unaopatikana kwa trei hukaa mwaka hadi mitatu kwa mtu asiyevuta sigara. Trei zitunze: kila baada ya miezi 6 hadi 12 usiku mmoja hadi mitatu unatosha kurudisha. Chai ya maziwa usiiache, ila sukutua kwa maji baada yake. Dawa ya meno iwe yenye floridi ya kawaida. Mtu mzima mwenye madoa haya hana sababu ya kuikimbia, na akiikimbia atapata matundu.

Kama una mtoto

Maji ndiyo ya kuangalia, tangu siku anapoanza kunywa uji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na kuna visima na mito huko Meru, upande wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai, inayozidi kikomo hicho kwa mbali. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi inayofanyiwa utafiti na kituo cha serikali cha Ngurdoto, na mkaa huo hubadilishwa ukishachoka. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hiyo. Tenga dumu moja kwa ajili ya mtoto peke yake, kwa kunywa na kupikia. Magadi kwenye makande na maharage nayo yana floridi, basi ya mtoto yaloweke usiku kucha badala ya kutia magadi. Chai ya rangi iliyokolea asinywe. Dawa ya meno apakiwe chembe ya ukubwa wa punje ya mchele mpaka miaka 3, kisha ya ukubwa wa punje ya njegere mpaka 6, na wewe usimame hapo mpaka ateme.